Mwezi Upi?

Lilikuwa swali la saba kwenye fomu ya mkopo, chini kidogo ya jina la mwenyekiti wa mtaa na juu ya kile kisanduku cha kuchora ramani ya kufika nyumbani kwa mteja. Nilikuwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, mwaloni Igombe, ufukwe wa kushushia samaki hapa Mwanza, fomu juu ya paja, kalamu mkononi. Mbele yangu mama mmoja alikuwa amechuchumaa anageuza dagaa kwa ufagio wa njiti, wala hana habari na mimi.

"Mama, kwa mwezi unaingiza kiasi gani?"

Hakuinua kichwa. "Mwezi upi?"

Nikajua hajanisikia vizuri. "Mwezi wowote tu, mama. Tuseme mwezi uliopita."

Hapo akasimama, akashika kiuno kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine akanyoosha ufagio juu, kwenye anga jeupe la saa nne asubuhi. "Nakuuliza mwezi upi. Huo wako wa kwenye kalenda au huu wetu?"

Wenzake wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka nao, kisha nikaandika 250,000, kwa sababu ndiyo niliyomwandikia mteja aliyetangulia, tukaenda swali la nane.

Nilikuwa afisa mikopo. Miaka mitatu, kuanzia 2021, kwenye taasisi moja ambayo sina haja ya kuitaja, yenye ofisi ghorofani katikati ya jiji na picha kubwa ya mwanamke mwenye meno meupe sana amebeba nanasi. Nanasi! Katika wateja wangu zaidi ya 200 sikuwahi kupata muuza nanasi hata mmoja. Nilikuwa na wauza dagaa, wakaanga mapanki, waponda kokoto wa Mabatini, mama lishe wa Kirumba, vijana wa bodaboda za mkataba, wauza mitumba wa Mlango Mmoja, na fundi cherehani mmoja mpole ambaye alinishonea sare ya harusi ya dada yangu na mpaka leo ananidai vifungo. Kutwa nzima nauliza watu wanafanya nini ili waishi, halafu jibu nalibana liingie kwenye mstari wenye urefu wa kidole. Meneja alikuwa ametupa njia ya mkato: kama hujui uandike nini, andika "biashara ndogondogo". Siku moja nilifungua faili za wateja wangu wote nikakuta mji mzima umeandikwa biashara ndogondogo.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni namna ya kuuliza. Ukimwuliza mtu "unafanya kazi gani?" anakujibu "sina kazi", na mikono imejaa magamba ya samaki. Hakudanganyi. Kazi, kwa lugha ya huku kwetu, ni ya mwenye barua ya ajira na mwisho wa mwezi. Ukitaka akueleze, uliza "unajishughulisha na nini?" Hapo mdomo unafunguka: nahangaika hapa na pale, natafuta, nabangaiza, napambana. Vijana wote wa bodaboda wanapambana. Ukiwasikiliza unaweza kudhani kuna vita.

Mama yangu mwenyewe yuko hivyo. Analima pamba na dengu kule Magu tangu kabla sijazaliwa, na pamba hiyo ndiyo iliyonisomesha mpaka nikapata diploma, lakini mgeni akimwuliza anasema, "Mimi sina kazi, nalima tu." Nimeifikiria sana hiyo "tu". Mwaka 2015 nchi nzima iliimbishwa "Hapa Kazi Tu", na baadaye ile meli kubwa iliyokuwa ikiundwa pale bandari ya Mwanza Kusini, yenye uwezo wa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, ikaitwa MV Mwanza Hapa Kazi Tu. Ilipoteremshwa majini Februari 2023 nilikuwa kwenye bodaboda naelekea kukusanya marejesho. "Tu" ya kwenye meli ina kifua mbele. "Tu" ya mama yangu inaomba radhi. Ni neno lile lile.

Nisisahau vitambulisho. Mwishoni mwa 2018 serikali ilitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, wale wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, kwa shilingi 20,000 kimoja. Watu walilalamika na watu walifurahi. Nilipoanza kazi, miaka mitatu baadaye, mama yule wa Igombe alikuwa bado anakitunza chake kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki ya mwanawe wa mwisho, ambaye wakati huo alishafika darasa la tano. Nikamwambia kadi hiyo haina kazi tena. Akasema anajua. Akairudisha kwenye mfuko.

Sasa niwaeleze habari ya mwezi, maana wa Dar na wa Dodoma hamtanielewa.

Dagaa wa ziwani wanavuliwa usiku, tena usiku wa giza. Jioni vyombo vinatoka, vikifika kwenye kina vinateremsha taa zinazoelea, zimeachana, kila taa na kipande chake cha maji. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni za betri na sola, na fundi wa karabai niliyemkuta Kirumba alikuwa ameshageuka fundi wa betri. Vidudu vinafuata mwanga, dagaa wanafuata vidudu, wavu unafuata dagaa. Binamu yangu alikuja kututembelea kutoka Dodoma, tukawa tumekaa juu ya mawe upande wa Bwiru usiku, akaniuliza ule mji wa ng'ambo unaitwaje. Nikamwambia hakuna mji pale. Hakuniamini mpaka asubuhi alipoona maji matupu.

Lakini mwezi ukiwa mkubwa, ziwa zima lina mwanga. Taa yako ni kama kiberiti kilichowashwa mchana. Dagaa wanatawanyika, na mwenye chombo hawezi kuchoma mafuta ya injini kufuata kitu ambacho hakipo. Kwa hiyo siku kama kumi hivi, mwezi unapokaribia kujaa mpaka uanze kupungua, vyombo vinalala. Wavuvi wanashona nyavu, wanarudi kwao Ukerewe, wanacheza drafti, wengine wanakunywa walichopata. Mwanika dagaa naye anakaa. Na mwezi wa angani una siku 29 na nusu, kwa hiyo giza halikubali tarehe: mwezi huu limeanza tarehe 20, ujao litaanza 18 au 19, baadaye 17, linarudi nyuma hivyo hivyo mwaka mzima kama mtu anayejongea pembeni kwenye benchi.

Marejesho yetu yalikuwa kila Jumanne.

Mnaona tatizo lilipo. Unamkopesha mtu Sh300,000, anarudisha Sh30,000 kila Jumanne kwa wiki 12. Kwenye karatasi imekaa vizuri kabisa. Lakini katika kila Jumanne nne, moja kwa uhakika na wakati mwingine mbili zinaangukia mwezi mkubwa, wakati mtu huyo hana hata dagaa mmoja wa kugeuza. Nilimweleza meneja. Alinisikiliza, mtu mstaarabu yule, halafu akasema mfumo hauna sehemu ya kuandika mwezi. Alimaanisha kompyuta. Nikasema basi tuwaambie walipe mara mbili kwenye giza. Akaniuliza nani atasimamia. Na kamisheni yangu mimi ilihesabiwa Ijumaa, kwa wateja waliochelewa.

Wanawake wenyewe walishajua la kufanya kabla sijazaliwa kikazi. Wakati wa giza wanaficha hela kidogo kidogo, wengine kwa mwenye duka, wengine kwenye debe la unga, za kuvukia mbalamwezi. Ila akiba hiyo ilikuwa ya chakula na ada. Sisi tulipoingia na Jumanne zetu tukaikalia. Halafu Aprili 2023 serikali ikasimamisha mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ile ya nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, isiyo na riba. Sababu zilikuwepo, sitaki kubishana. Nilichokiona ni foleni kwenye ngazi za ofisi yetu, na kwenye ngazi za wenzetu wabaya kuliko sisi, wale ambao mtaani wanaitwa kausha damu. Sisi tulijitetea kwamba sisi siyo kausha damu, sisi tuna risiti.

Nilizoea kufika Igombe mapema, kabla ya mkutano wa kikundi, kwa sababu napenda ile saa ambayo vyombo vinaingia. Kunanuka, ndiyo. Nilipopanda daladala kurudi mjini watu walikuwa wanasogea. Lakini ukisimama pale saa kumi na mbili alfajiri unaona injini zinazimwa mbali kidogo, chombo kinateleza chenyewe kuja ufukweni, na kila mwanamke ana macho yake kwenye chombo anachokijua. Hawasemi sana. Wanapima kwa jinsi chombo kilivyozama. Kikiwa juu juu, mtu anakunja beseni lake kwapani anarudi kukaa. Kikiwa chini, ndio kelele zinaanza.

Yule mama alikuwa na vichanja vitatu: miti imesimamishwa, juu wavu mkuukuu umevutwa ukakaza. Wengi bado wanaanika mchangani au juu ya majabali, na dagaa wa mchangani mara nyingi wanaishia kuwa chakula cha kuku. Wake walikuwa wanakwenda Mwaloni Kirumba, kwa wanunuzi wanaopeleka Kongo. "Mkongo anachukua mmoja, anatafuna," aliniambia. "Akisikia mchanga kwenye jino, hakuongezi hata neno. Anakwenda kwa jirani." Siku moja jua lilikuwa kali, akanishika mkono akanijazia dagaa kwenye kiganja, akaniambia tikisa karibu na sikio. Nikatikisa. Akaniuliza nasikia nini. Nikasema nasikia kama majani. "Bado," akasema, "majani mabichi hayo. Subiri saa nane." Saa nane nilikuwa nimeshaondoka, kwa hiyo sauti ya dagaa aliyekauka sawasawa sikuisikia mpaka nilipoacha kazi.

Nilimwuliza kama anaipenda kazi yake. Swali la kijinga, nililipata kwenye semina. Akafikiri kweli, tofauti na nilivyotegemea. Akasema mvua anaichukia. Korongo anawachukia, wale wakubwa wenye upara wanaosimama pembeni kama wadai. Wavuvi wawili watatu anawachukia na majina akanitajia. "Lakini asubuhi nikiamka ni giza, na nimesikia injini usiku zikitoka nyingi, mimi siwezi kulala tena. Hata nikiumwa. Hiyo ndiyo kupenda?" Sikuwa na kisanduku cha hilo.

Basi ikaja Jumanne moja ya mwezi mkubwa, tena baada ya giza bovu lililoliwa na mvua. Mama hakuwa na Sh30,000. Hakuwa na 10,000. Utaratibu unajulikana: wanakikundi wanachanga, wakishindwa wanakwenda nyumbani kwa mwenzao pamoja na afisa. Safari hiyo walishachangiana mara mbili, wakakataa. Tukaenda. Watu saba na mimi wa nane, tumejipanga kwenye njia nyembamba kama tunaokwenda msibani.

Alikuwa na televisheni ndogo, viti vya plastiki, na turubai moja kubwa la bluu limekunjwa vizuri nyuma ya mlango. Mwenzake mmoja, rafiki yake, wanayechota naye maji, akalishika turubai. Mama akasimama mlangoni. Hakupiga kelele. "Chukueni televisheni," akasema. "Hilo turubai ndilo linalowalipa nyie. Mvua ikinyesha nitafunika dagaa na televisheni?" Akanitazama mimi, siyo wao. Nikasema turubai libaki.

Televisheni nikaipakata kwenye bodaboda. Tulikuwa tumeshafika barabarani niliposikia mtoto anaita, "Dada! Dada wa mkopo!" Ni yule mwanawe wa mwisho, anakimbia pekupeku, mkono juu. Alikuwa ameshika rimoti. Alidhani tumeisahau.

Niliipokea. Nikasema asante. Nilipofika ofisini nikaifunga kwenye televisheni kwa mpira wa manjano, nikaandika kwenye daftari la stoo: televisheni moja, rimoti moja.

Sikuacha kazi siku hiyo. Ningependa kusema niliacha, lakini nilikaa miezi mingine saba. Nilikuwa na kodi ya nyumba, na mama yangu Magu alikuwa ameshawaambia wanawake wote wa kanisani kwamba mwanawe yuko benki. Nilimsahihisha mara ya kwanza, "Siyo benki, mama, ni mikopo." Akasema, "Si mnatoa hela?" Nikaacha iwe benki. Nilikuwa na shati lenye nembo na kitambulisho shingoni, na kwenye daladala ya Buzuruga nilikuwa nakigeuza kionekane. Huku Igombe nilikuwa nakiingiza ndani ya shati.

Kwenye ile miaka niliwauliza watu wengi lile swali la semina. Wengi walinijibu kwa mkato. Mama wa kokoto pale Mabatini, anayechoma jabali kwa tairi chakavu mpaka lipasuke halafu anaponda vipande kwa nyundo ndoo moja baada ya nyingine, alisema, "Naipenda ikishapakiwa kwenye lori." Kijana wa bodaboda ya mkataba alisema ataipenda hesabu ya bosi ikiisha na chombo kikiwa chake, siku ilipoisha akaiuza, yuko Geita. Mnunuzi mmoja wa mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara vinavyokaushwa na kusafirishwa China, kijana msafi mwenye simu tatu, aliniambia hajawahi kuona mtu akila bondo maishani mwake, na kwamba usiku haamini kama bei ya leo itakuwepo kesho. Ana hela kuliko wote niliowahi kuwaandikia, na ndiye mtu pekee aliyeniomba nimsaidie kutafuta ajira.

Na mwenye ajira? Nilikuwa naye mmoja, mkata minofu kiwandani. Hivi viwanda vya sangara vilishamiri Mwanza kuanzia miaka ya 1990, minofu inakwenda Ulaya na kwingineko, vichwa na miiba inabaki kwetu kama mapanki. Yeye alisimama kwenye baridi na gambuti saa nyingi, kisu kikali, mikono imekufa ganzi. Jioni ananunua panki njiani, wanakaanga nyumbani. Ukimwuliza anasema "nina kazi", bila "tu", bila "napambana", na huku anatazama wale wanawake wa dagaa anasema, "Wale wako huru bwana." Sangara wakipungua anaambiwa abaki nyumbani mpaka aitwe. Kwa hiyo na yeye alikuwa na mwezi wake, sema haonekani juu.

Habari ya Kigongo nisiipite hivihivi. Nilikuwa na kikundi pale, upande wa Misungwi, wanawake kumi na mmoja waliokuwa wanauza kwenye foleni ya kivuko: sato wa kukaanga, mahindi ya kuchoma, mayai, maji, karanga. Kuvuka kwenda Busisi kulikuwa kunaweza kula saa mbili, na katika saa mbili hizo abiria wa basi lazima ashuke, na akishuka lazima ale. Kikundi hicho kilikuwa raha ya moyo wangu. Hawakuchelewesha Jumanne hata moja, kwa sababu kivuko hakina mbalamwezi. Daraja lilikuwa linajengwa mbele ya macho yao miaka yote hiyo, nguzo moja baada ya nyingine, na wao wanawauzia chakula wajenzi.

Tarehe 19 Juni 2025 daraja likafunguliwa, yapata kilomita 3 juu ya maji. Agosti nikapita na basi kwenda Sengerema. Dakika chache tu, tena dereva alikuwa anatafuta wimbo kwenye redio. Nikachungulia kule chini palipokuwa na majiko, nikaona mbuzi. Usiku nikampigia simu mmoja wao, yule wa sato. Alikuwa amehamia Usagara, kwenye njia panda, anauza kwa mabasi yanayosimama dakika tano. Nikajiandaa kumpa pole. Akanikatiza. Alisema binti yake alijifungulia kwenye foleni ile mwaka 2019, ndani ya gari la mtu, kwa hiyo nisimwambie neno baya juu ya daraja. Akanyamaza kidogo, akacheka. "Ila unajua, miaka yote nilidhani nauza samaki. Kumbe nilikuwa nauza foleni."

Siku hizi nina kibanda Kirumba, jirani na Mwaloni: uwakala wa pesa, vocha, kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti na kuandika barua kwa wasiojua kuandika au wasiotaka mwandiko wao ujulikane. Nilipoacha ile ajira mama yangu alinyamaza kwenye simu muda mrefu, kisha akasema, "Mchagua jembe si mkulima," akakata. Baada ya mwezi akaja kuniona. Akakaa kwenye stuli saa nzima akihesabu wateja kwa vidole bila kuniambia, akaondoka ameridhika nusu. Nyumbani Magu sasa nasikia nimefungua benki yangu.

Nami nimeingia kwenye ule mwezi. Sikupanga, droo ndiyo iliyonifundisha. Giza likianza, ndani ya siku tatu nne watu wanaanza kutuma: kwa mama Ukerewe, kwa shule, kwa mwenye nyumba, kwa mwanamke ambaye jina lake kwenye simu limeandikwa "Fundi Bomba". Wateja wanakuja wananuka ziwa na noti zao zimelowa, naziweka juani kwenye dirisha zikauke, nazo nageuza. Mbalamwezi ikija, watu wanakuja kutoa elfu tatu tatu, halafu hawaji kabisa, na mimi nasoma magazeti ya watu. Mwanzoni zile siku kumi zilinitia wasiwasi mpaka tumbo likauma. Siku hizi nafanya usafi wa kibanda, naenda kusuka nywele. Hela ya kodi naitoa kwenye giza, naificha. Siwaambii wapi.

Vijana wa mikopo wanapita hapa pia. Wiki iliyopita alikuja mmoja, shati lina mikunjo ya pasi bado, akaniuliza dada unajishughulisha na nini. Ameshafundishwa kuuliza. Nikamwambia anywe maji kwanza.

Mama wa Igombe alimaliza deni lake, giza mbili baada ya ile Jumanne, televisheni akarudishiwa ikiwa na rimoti yake na mpira wa manjano. Huwa anapita kibandani akileta mzigo Mwaloni. Ndiye aliyenisikilizisha dagaa mkavu: ni sauti nyembamba, kavu, kama mtu anayehesabu sarafu ndogo ndani ya soksi. Wamejiunga kikundi kipya sasa, wenyewe kwa wenyewe, wanawekeana na kukopeshana, na wanataka kupanga siku za kurejesha.

Juzi alinipigia saa tatu usiku.

"Mwanangu, angalia kwenye hiyo simu yako. Mwezi utajaa tarehe ngapi mwezi ujao?"

Nikatafuta. Mtandao ulikuwa unasuasua, ikanichukua muda, yeye yuko kwenye laini anasubiri, nasikia redio nyuma yake. Nikampa tarehe. Akasema sawa.

Nikamwuliza, "Kwani mama ulikuwa huijui?"

"Naijua. Nilitaka nione kama simu yako nayo inajua."